Kilo kumi kwa wiki tano?

Dada yangu aliponitumia kitambaa cha sare ya harusi yake Tanga, zilibaki wiki tano. Nikajiapia kupunguza kilo kumi. Nikaacha ugali, wali na chapati. Asubuhi chai kavu, jioni tango. Wiki ya pili nikashikwa na kizunguzungu kwenye ngazi za stesheni ya Hallunda, nimemshika mwanangu mkono.

Muuguzi alinieleza: lengo la kweli ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Zinazotoka haraka mwanzoni, nyingi ni maji. Na kupungua asilimia 5 tu ya uzito husaidia presha na sukari. Kwangu mwenye kilo 88, ni kilo nne na kidogo.

Nikarudisha ugali, kiasi cha ngumi. Nusu sahani mboga, pembeni maharage au samaki. Soda basi. Nikitoka kazini nashuka Alby, namalizia kwa miguu. Dakika 30, siku tano, zatimiza 150 za wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Harusini nilikuwa nimepungua kilo tatu. Fundi akaachia mshono, nikacheza hadi alfajiri. Ndugu msomaji, kama unatumia dawa za sukari au presha, muone daktari kabla hujapunguza chakula.