Kampi ya Samaki: Bandari Ndogo ya Bonde la Ufa

Watu wa Nakuru wanapotaja bandari, fikira zao huenda Mombasa, au Kisumu ambako reli ilifika mwaka 1901. Ni wachache wakumbukao kwamba mwendo wa kilomita 120 hivi kaskazini ya mji wao upo mji mdogo ukaao kando ya maji, wenye wavuvi, mashua, samaki wa kuuzwa na wasafiri wangojao kuvuka, kama ilivyo katika miji midogo ya pwani. Mji huo ni Kampi ya Samaki, ulio ufuoni mwa magharibi ya Ziwa Baringo. Mgeni aendaye huko huona mambo mawili kwa pamoja: jinsi maji yanavyolisha mji, na jinsi maji hayo hayo yanavyoweza kuula.

Safari yenyewe ni ya kuteremka. Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Baringo liko karibu na mita 1,000. Basi kila baada ya kilomita chache msafiri huhisi joto likizidi. Akipita mashamba ya mkonge na kufika Mogotio, huvuka mstari wa Ikweta. Kutoka hapo nchi hugeuka kuwa ya migunga, mbuzi na mizinga ya nyuki, na asali ya Baringo huuzwa kando ya njia katika chupa. Marigat ni mji wa mwisho ulio mkubwa kidogo. Karibu nao ni mashamba ya Perkerra yanyweshwayo kwa mifereji, ambayo yalianza kutengenezwa mwaka 1954 kwa kazi ya watu waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari.

Lakini kilimo cha mifereji katika nchi hiyo ni cha zamani kuliko serikali yoyote ya kikoloni. Wailchamus, ambao zamani wageni waliwaita Wanjemps, walilima mtama kwa maji ya mto katika karne ya 19, nao waliuza nafaka kwa misafara ya Waswahili iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu. Joseph Thomson alifika Njemps mwaka 1883, na Count Teleki akapumzika huko miaka michache baadaye kabla ya kwenda kaskazini. Kwa hiyo watu wa pwani na watu wa ziwa hili walijuana kabla reli haijawekwa.

Jina la Kampi ya Samaki latosha kueleza asili yake. Samaki ndiye aliyewakusanya watu hapo. Wavuvi hutoka kabla ya jua kuchomoza, wengine katika mashua za mbao, wengine katika vyombo vidogo vya Wailchamus vilivyofungwa kwa vijiti vya mti mwepesi sana, ambavyo mtu mmoja hukalia na kupiga kasia kwa mikono. Wanaporudi, akina mama huwa wamekwisha fika ufuoni na mabeseni yao. Samaki hupasuliwa, hukaangwa au hukaushwa, kisha hupelekwa Marigat, Kabarnet na Nakuru. Katika gati hiyo hiyo hupanda watu wa visiwani, hasa wa Ol Kokwe, penye chemchemi za maji ya moto, wajao kununua unga, sukari na mafuta ya taa.

Neema hii haikudumu sawasawa siku zote. Ngege wa Baringo, ambaye ni wa aina ipatikanayo katika ziwa hilo peke yake, alipungua sana kwa sababu ya uvuvi wa kupita kiasi na kupungua kwa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina cha wastani cha ziwa hakikufikia mita 3, na uvuvi ulisimamishwa kwa muda ili samaki wapate kuzaana. Kamongo, aliyeingia ziwani katika miaka ya 1970, akashika nafasi kubwa katika nyavu za wavuvi. Wakati huo hofu ya watu wote ilikuwa moja, yaani kwamba ziwa litakauka.

Yaliyotokea yalikuwa kinyume. Tangu yapata mwaka 2010 maji yalianza kupanda, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamefunika malisho, mashamba, nyumba, hoteli za watalii na majengo ya shule na zahanati katika sehemu za kandokando ya ziwa. Mahali palipokuwa na gati pakawa katikati ya maji, na gati mpya ikabidi kutengenezwa mahali palipokuwa njia ya watu. Viboko na mamba walifuata maji hadi karibu na milango, hata kuchota maji jioni kukawa jambo la hatari. Watu walihofu tena kwamba ziwa lingekutana na Bogoria, ambalo maji yake ni ya magadi, na samaki wa maji matamu wangeangamia.

Hata wanyama wa porini hawakusalimika. Katika hifadhi ya Ruko, ng'ambo ya ziwa, maji yaliizunguka rasi waliyokuwa wakiishi twiga tisa, ikageuka kisiwa kilichozidi kupungua. Ikaundwa chelezo ya chuma yenye kuelea juu ya mapipa matupu, na kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021 twiga hao walivutwa kwa mashua mpaka nchi kavu. Habari hiyo ilisomwa duniani kote. Habari za familia zilizohama na mabati yao kichwani hazikusomwa mbali vivyo hivyo.

Sababu za kupanda kwa maji ni zaidi ya moja. Ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka 2021 ilitaja kwanza mvua zilizozidi kwa ajili ya mabadiliko ya hali ya hewa. Ilitaja pia udongo unaochukuliwa na mito na kujazwa katika maziwa, na mwendo wa miamba chini ya Bonde la Ufa. Kwa maziwa yote yaliyochunguzwa, zaidi ya kaya 75,000 zilipatwa na hasara.

Mvua haizuiwi na mtu, na miamba haina amri. Lakini udongo una mwenyewe. Mto Molo hutoka katika vilima vya Mau, katika nchi ya wakulima wa Nakuru, na Mto Perkerra hutelemka kutoka upande wa Eldama Ravine. Msitu ukikatwa juu, na shamba likilimwa hadi ukingoni mwa mto bila matuta, rutuba ya mkulima wa Molo huenda kuwa tope la mvuvi wa Kampi ya Samaki. Hasara ni ya wote wawili: mmoja hununua mbolea, mwingine hujenga nyumba upya. Kulima kwa kufuata mkingamo wa mlima, kupanda nyasi juu ya matuta na kuiacha miti kandokando ya mto ni kazi ya mikono iliyo ndani ya uwezo wa mwenye ekari mbili, ijapokuwa peke yake haitarudisha ziwa katika mipaka yake ya zamani.

Watu wa Kampi ya Samaki hawakuukimbia mji wao. Maduka yalihamishwa juu kidogo, mashua zikafungwa penye ufuo mpya, na soko likaendelea. Msomaji atakayepata nafasi ya kwenda huko na aende asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, apande mashua ya mwenyeji aijuaye njia ya viboko, na anunue samaki kwa wale wanaomvua. Na akivuka daraja la Mto Molo wakati wa kurudi, atazame rangi ya maji yanayopita chini yake.