Mnong'ono wa Inanga na Hesabu za Arusha

Kwaya za makanisa ya mtaa wetu wa Mutanga Nord, kama kwaya nyingi za Bujumbura, huimba kwa sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Mpangilio huo uliletwa na wamisionari, na kwa wengi wetu ndiyo maana ya kwanza ya upatanifu wa muziki. Ni uimbaji mzuri. Lakini Burundi ilikuwa na njia zake za kupatanisha sauti kabla kitabu cha nyimbo hakijafika, na kwa maoni yangu njia hizo zinatufundisha zaidi namna ya kuishi na jirani.

Chukua inanga. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, uzi mmoja ukapitishwa huku na huko kwenye mapengo ya ncha zake mpaka zikapatikana nyuzi zipatazo nane. Mpigaji huanza kupiga, kisha husimulia visa vya wafalme, vya vita, vya ng'ombe waliopotea. Ila haimbi, ananong'ona. Mnong'ono ni pumzi tupu, hauwezi kupanda wala kushuka kama sauti ya koo. Kazi hiyo inafanywa na nyuzi, zinazofuata mwendo wa maneno ya Kirundi, lugha ambayo silabi ikipandishwa au kushushwa neno linaweza kugeuka maana. Na bado anayesikiliza husikia mtu anaimba! Mtafiti Cornelia Fales aliyeuchunguza muziki huu ameeleza kwamba sikio ndilo linaloziunganisha pumzi na nyuzi, likapata wimbo ambao haumo kooni mwa mpigaji. Msikilizaji naye ni mwanamuziki. Asiposikiliza, wimbo haupo.

Halafu kuna akazehe, maamkizi ya wanawake. Wawili wakikutana huamkiana kwa kuimba, kila mmoja akiingiza silabi zake katika nafasi alizoacha mwenzake, kwa kasi ambayo mgeni hawezi kujua nani ametoa sauti ipi. Hakuna anayemfunika mwenzake. Michel Vuylsteke alirekodi akazehe, inanga ya mnong'ono na ngoma katika miaka ya 1960, na kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikazitoa kwenye santuri moja. Ulimwengu ukazikimbilia ngoma: Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake wa mwaka 1975, "The Jungle Line", na mwaka 1982 wapigangoma wa Burundi walikuwa jukwaani kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, Uingereza. Maamkizi ya akina mama na mnong'ono wa inanga vikabaki kwa watafiti na wachache wanaojali.

Ngoma zenyewe zinastahili sifa zake. Hupangwa nusu duara, idadi yake ikiwa witiri daima, na katikati husimama inkiranya, inayoongoza. Amashakwe hushikilia mdundo mmoja usiokatika, ibishikizo hufuata wito wa inkiranya. Mtu akisikia kwa mbali hudhani wote wanapiga kitu kimoja, kumbe kila kundi lina zamu na wajibu wake. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili: wapigaji hupokezana pale katikati. Anayeongoza sasa, punde anarudi mstarini kumpigia mwenzake.

Wagiriki wa kale waliutafuta upatanifu kwenye hesabu. Wafuasi wa Pythagoras walifundisha kwamba uzi ukifupishwa nusu hutoa sauti ile ile kwa oktava moja juu, na ukibaki theluthi mbili hutoa sauti ya tano, inayokaa vizuri na ya kwanza. Heraclitus yeye aliuona upatanifu katika mvutano, kama wa upinde unaovutwa pande mbili. Mrundi apigaye umuduri, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, angemwelewa bila kufafanuliwa: uzi ukilegea, muziki umekwisha.

Burundi nayo ilijaribu hesabu. Ilikuwa imelazimika. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi yenye jina hilo hilo la Mutanga ndiyo ambako, usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1995, makumi ya wanafunzi Wahutu waliuawa, na miongoni mwa wauaji walikuwamo wanafunzi wenzao. Katika miaka hiyo ya vita mitaa ya Bujumbura ilijitenga: Kamenge ikabaki ya Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikabaki za Watutsi. Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 chini ya upatanishi wa Nelson Mandela, ukafungua njia ya katiba ya 2005 na viwango vyake: Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, Seneti nusu kwa nusu, Watwa watatu katika kila baraza, wanawake wasiopungua asilimia 30, na jeshini kabila moja lisizidi nusu.

Viwango hivyo viliokoa maisha, na anayevibeza hakumbuki tulikotoka. Ila hesabu huweka kila uzi mahali pake tu. Mwaka 2015 viwango vilikuwapo, na bado nchi ilitikisika, zaidi ya watu 400,000 wakakimbilia nje. Kilichokosekana ni sikio. Bashingantahe, wazee wa usuluhishi, walilijua hilo zamani: kila upande ulisema hadi ukamaliza, wazee wakajitenga kushauriana, wakarudi na kauli moja. Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995, ililijua pia. Mchezo wake wa redio "Umubanyi Niwe Muryango", ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, uliwaweka Wahutu na Watutsi katika nyumba za jirani na kuwaacha wagombane, wasaidiane, wasikilizane, huku nje vita ikiendelea. Watu wa kambi zote mbili waliufuatilia.

Kwa hiyo inaniuma kuona tulivyoitendea ngoma. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu wote. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, ikatoka amri ya rais: ngoma zipigwe katika sherehe rasmi, sherehe nyingine ziombe kibali na kulipa faranga 500,000, na wanawake wasizipige kabisa. Nakubali kwamba zamani wanawake hawakupiga. Lakini zamani hizo hizo ngoma ilikuwa ya mfalme, na ufalme ulifutwa mwaka 1966 bila ngoma kunyamaza. Vigingi vinavyoshika ngozi huitwa amabere, matiti. Chombo kinabeba mwili wa mama, na mama haruhusiwi kukigusa! Jirani zetu wa Rwanda wana Ingoma Nshya ya Huye, kundi la wanawake lililoanzishwa na Odile Gakire Katese, ambamo wajane wa mauaji ya kimbari na wake za wafungwa walipiga ngoma pamoja. Rwanda haikupoteza mila kwa hilo.

Serikali na ikifute kifungu kinachowazuia wanawake, na ipunguze ada ili familia ya kawaida ya Mutanga Nord iweze kuita wapigangoma kwenye harusi ya binti yao. Nanyi walimu na viongozi wa kwaya wa zoni yetu ya Gihosha, mtafuteni mzee anayejua inanga na bibi anayejua akazehe mngali mnao, muwape saa moja kwa wiki mbele ya watoto.