Tamasha la michezo ya video: umri upimwe kwa kila kikao, si mlangoni tu

Shindano la kandanda la PlayStation halihitaji uwanja. Katika komine za Dilala na Manika, mjini Kolwezi, chumba kimoja, televisheni mbili, jenereta na mabenchi ya mbao vinatosha kukusanya watoto wa mtaa mzima. Likizo kubwa ikifika, mkubwa humshika mkono mdogo wake wakaenda pamoja, maana baba yuko zamu mgodini na mama yuko sokoni. Kijana wa miaka 16 anacheza, na mtoto wa miaka 5 ameketi nyuma yake akitazama kila kitu.

Kutoka hapo hadi tamasha kamili si mbali. Nairobi tayari ina mikusanyiko ya aina hiyo, kama NAICCON: mashindano, mavazi ya wahusika, meza za wachoraji, na vikao ambapo watengenezaji na wachezaji mashuhuri huzungumza na umati. Matangazo ya shughuli kama hizi hupenda kusema kuwa familia nzima inakaribishwa. Ahadi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, na sayansi ya makuzi ya mtoto inaeleza kwa nini.

Alama ya jalada haipimi mazungumzo

Michezo mingi ina namba ya umri kwenye jalada. Ulaya hutumia mfumo wa PEGI, ulioanza mwaka 2003, wenye ngazi 3, 7, 12, 16 na 18. Marekani ina ESRB, iliyoanzishwa mwaka 1994 baada ya maseneta kuhoji ukatili wa michezo kama Mortal Kombat. Kwa kipimo cha PEGI, EA Sports FC ni ya kuanzia miaka 3, Minecraft 7, Fortnite 12, na Grand Theft Auto V 18.

Namba hizo zina faida, lakini zina mipaka miwili. Kwanza, mchezo ukinakiliwa au ukipakiwa moja kwa moja kwenye mashine, jalada halipo na namba haionekani. Pili, namba inapima mchezo wenyewe, haimpimi mtu anayeuzungumzia. Mchezo wa miaka 3 unaweza kujadiliwa jukwaani kwa matusi na hadithi za kamari. Kinyume chake, mtunzi wa muziki wa mchezo wa miaka 18 anaweza kutoa somo zuri la ngoma na kinanda kwa mtoto wa miaka 10. Ndiyo maana haitoshi kuandika umri mmoja mlangoni. Kila kikao kinahitaji umri wake.

Ujerumani inatoa mfano. Katika maonyesho ya Gamescom, mjini Köln, wageni huvaa utepe wa rangi mkononi kulingana na umri, na michezo ya miaka 18 huonyeshwa ndani ya vibanda vilivyozibwa ili mtoto anayepita njiani asiione. Familia inaingia lango moja, lakini haioni mambo yaleyale.

Woga wa mtoto hubadilika

Mtafiti Joanne Cantor, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza kinachowaogopesha watoto kwenye skrini. Aligundua kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 7 huogopa kile ambacho macho yake yanakiona: meno marefu, damu, uso wa mtu unaogeuka kuwa wa mnyama. Kumwambia kwamba si kweli hakumsaidii sana, kwa sababu mpaka kati ya hadithi na maisha bado haujasimama imara akilini mwake. Kinachomtuliza ni mkono wa mzazi, maji ya kunywa, na kuondolewa mahali hapo.

Kuanzia miaka 8 hivi, woga unahama. Zimwi halimtishi tena kama zamani. Sasa anaogopa jambo linaloweza kumpata kweli yeye au watu wake. Umri huu unahitaji maelezo ya ukweli, si kubembelezwa tu.

Hapa jimbo letu la Lualaba linapaswa kujitazama lenyewe. Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka katika mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, na wachimbaji wasiopungua 43 wakafa. Katika mtaa wa Kasulo, hapohapo Kolwezi, tangu kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, watu wamechimba mashimo ndani ya viwanja vyao. Kwa mtoto wa miaka 9 ambaye kaka yake hushuka shimoni kila asubuhi, video ya handaki linaloanguka si burudani, ni habari ya nyumbani. Hakuna ofisi ya Ulaya iliyomfikiria mtoto huyo ilipokuwa ikipanga namba. Mwandaaji wa Kolwezi ndiye anayemjua, na ni wajibu wake kumfikiria.

Kuhusu ukatili wenyewe, tuseme ukweli wa sayansi bila kuukuza. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kusema michezo ya video huzaa vitendo vya ukatili, ingawa kilikubali kuwepo kwa uhusiano mdogo na ukorofi kama kufokeana na kusukumana. Basi tusiwatishe vijana kwamba watageuka wauaji. Sababu ya kuweka umri ni kumkinga mdogo na woga, na kumwacha alale usiku.

Taa na sauti

Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha miale mikali ya nyekundu na buluu ikipishana haraka. Watu 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Baadhi walipata degedege kwa sababu wana aina ya kifafa inayoamshwa na mwanga unaomulika. Aina hiyo ni ya watu wachache, na hujitokeza zaidi kwa watoto na vijana. Tahadhari inayotumika ni kutopitisha mimuliko mitatu kwa sekunde moja, na kutangaza mapema kikao chenye taa kali.

Katika jamii zetu kifafa bado huhusishwa na uchawi, na mtoto hucheleweshwa kufika hospitali. Mtoto akianguka, mgeuze alale ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie chochote mdomoni, na angalia saa. Degedege ikizidi dakika 5, mkimbize kwa daktari.

Sauti nayo ina kiwango. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Spika zikifika desibeli 90, mtoto amemaliza kiasi chake cha wiki nzima kwa saa 1 na dakika 15. Benchi la watoto lisiwekwe mbele ya spika.

Biashara ndani ya mazungumzo

Watoto walio chini ya miaka 8 hawaelewi vizuri kwamba tangazo lina nia ya kuuza. Wanalipokea kama habari. Kikao cha kufundisha namna ya kupata pesa kwa michezo, kikidhaminiwa na kampuni ya kamari, hakiwafai hata kama hakina tone la damu.

La kufanya

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo hata kijana anayekuja peke yake yuko mikononi mwa mwandaaji.

Mwandaaji amwombe kila mzungumzaji, kabla ya siku yenyewe, aseme atazungumzia nini na ataonyesha video gani. Kisha aandike kwenye ratiba umri wa kila kikao pamoja na sababu yake: damu, lugha, taa, kamari. Vikao vya wadogo viwe asubuhi, na vya watu wazima viwe jioni, katika chumba chenye mlango na mtu wa kuulinda. Pawepo pia chumba kimya. Kwa walio chini ya miaka 5, akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri skrini isizidi saa moja kwa siku, na chini ya miaka 2 isiwepo kabisa. Hao wapewe rangi, mpira na mchezo wa kisolo.

Mzazi naye aulize kabla ya kulipa: nani anazungumza, ataonyesha nini, na mdogo atakaa wapi wakati mkubwa anasikiliza? Mwandaaji asiye na majibu hajawa tayari kupokea watoto, na asiandike kwenye tangazo lake kwamba familia inakaribishwa.