Wababe wa Safari Waipitiao Bukoba

Mji wa Bukoba ulianzishwa mwaka 1890 na mtu mwenye wazimu wa ndege. Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa Misri kule Ekwatoria, alikusanya ndege wa Afrika na kuzipeleka ngozi zao kwenye makumbusho ya Ulaya. Nami basi nagawa mataji kwa ndege wasafiri wanaoupitia mji huo.

Ukiwa na siku moja tu, ichague Aprili, mvua isikutishe. Ndio mwezi ambao wageni wa Ulaya na Asia wanarudi kwao, na wa kusini ndio kwanza wanaingia.

Wengi kuliko wote ufukweni ni buabua mabawa-meupe. Vijidudu vya ziwani vikiinuka majini kama moshi, wao huvizunguka, hushuka na kudokoa juu ya maji bila kujitosa. Oktoba walifika wamefubaa. Sasa wengi wamebadili manyoya, kifua cheusi tii na mabawa meupe. Usije ukawahesabu kuwa ndege wa aina mbili.

Juu yao hupita teleka wa Ulaya, bingwa wa kukaa hewani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walitangaza mwaka 2016 kwamba baadhi yao humaliza miezi 10 bila kutua.

Anayenishangaza zaidi ni mnyonge wa sura: ndege wa tope mwenye mdomo mrefu, Gallinago media kwa wataalamu. Rangi yake ni ya majani makavu, unaweza kumkanyaga. Mtafute kwenye nyasi zilizolowa, kama zile za kando ya Ziwa Burigi, Muleba. Vifaa alivyofungwa huko Sweden vilionyesha kwamba huruka hadi kilomita 6,800 mfululizo, kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Utafiti wa 2021 ukamkuta kwenye kimo cha meta 8,700. Kilimanjaro ni 5,895 tu! Kwa masafa ameshindwa, maana mwaka 2022 ndege mwingine alitoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11. Lakini yule alikuwa juu ya bahari, angetua wapi? Huyu wetu hupita juu ya nchi kavu, na bado hatui.

Adimu kuliko wote ni mbayuwayu buluu, na tuzo yangu ni yake. Ni Mtanzania mwenzetu: huzaa nyanda za juu kusini, wakati mwingine ndani ya shimo la muhanga, kisha huja kwenye nyasi za bonde la Ziwa Viktoria, ikiwemo Minziro, jirani na Bukoba. Anahitaji uwanda wazi, ule Wahaya wanaouita rweya. Ukijazwa misonobari, hana pa kuwindia.

Na ukiokota ndege mwenye pete ya chuma mguuni, usiitupe. Nakili namba na maandishi yote, uyapeleke kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.