Safari ya Mombasa Mwezi wa Desemba

Kijiji cha Mkwiro kipo upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, na mwenye kwenda Mombasa kwa njia ya Likoni huvuka maji mara mbili: kwa mashua hadi Shimoni, kisha, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa gari, kwa feri ya Likoni. Watoto huahidiwa safari hiyo mapema, wakaihesabia siku.

Walakini wakati wa Krismasi ndipo wageni wa bara washukapo kwa wingi kwenda Diani. Magari hupanga safu ndefu kivukoni, na nauli za matatu hupanda. Mvuvi aliyeweka akiba mwaka mzima huenda akafika Likoni alasiri, fedha za nguo zimekwisha kuliwa na nauli. Kuvuka kwa miguu ni bure, ila umati watisha. Watu wa pwani hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka, wakafa watu 272. Tena akivuka, hataiwahi mashua ya jioni Shimoni, na mjini hana pa kulala.

Basi hurudi hadi Ukunda akanunua viatu huko, na watoto wameuona mji kwa ng'ambo tu.