Ulimi unaoamua bonasi ya chai Kisii na Nyamira

Je, msomaji, umewahi kusikia habari za mtu anayelipwa mshahara kwa kunywa chai na kuitema? Kazi hiyo ipo, tena si ya mchezo. Mjini Mombasa, mwonjaji hupita mbele ya safu ndefu ya vikombe, akachota kijiko kimoja, akaivuta chai kwa kishindo ambacho nyumbani kingemletea mtoto kofi, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema na kuhamia kikombe cha pili. Kwa siku moja huweza kuonja mamia. Hukumu yake ndiyo inayomwongoza mnunuzi mnadani, na bei ya mnada ndiyo inayozaa bonasi ambayo familia za Kebirigo, Nyansiongo, Ogembo na Nyamache hungojea ili karo ilipwe.

Ustadi huu una ndugu yake ng'ambo. Katika kisiwa cha Islay, kule Uskoti, wapo mabingwa wa kuonja wiski. Shayiri ya huko hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, uliokatwa vipande kama matofali na kuanikwa. Ndiyo sababu wiski hiyo hunuka moshi na dawa ya hospitali, na wapenzi wake huililia kwa harufu hiyo hiyo! Kisheria hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Ikiingia pipa lililowahi kubeba bourbon ya Marekani, hutoka na utamu wa vanila. Ikiingia lililobeba mvinyo wa sherry wa Uhispania, hutoka na ladha ya zabibu kavu. Kinywaji kimoja, mapipa mawili, ladha mbili.

Chai yetu haina pipa. Kinachoibadilisha ni saa chache tu kati ya kichaka na mashine ya kukaushia.

Tuanzie shambani. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Mchumaji akishindilia majani kwenye gunia la plastiki, au lori likichelewa kufika kituoni, majani hupata joto, huchubuka na kuanza kuwa mekundu kabla ya wakati. Kiwandani hunyaushwa kwa saa nyingi, husagwa, kisha huachwa yakutane na hewa mpaka yageuke rangi ya shaba. Hapo ndipo penye ufundi. Yakiachwa kupita kiasi, chai hupata rangi nzito lakini hupoteza ule ukali unaochangamsha ulimi. Yakikatizwa mapema, huwa na ladha mbichi ya majani.

Mwisho ni kukausha, na hapa moshi unarudi, safari hii kama mwizi. Viwanda vyetu hutumia kuni kupata joto. Moshi ukipata upenyo wa kuingia katika hewa ya kukaushia, chai huubeba, na mwonjaji huutambua mara moja. Wachina wa mkoa wa Fujian wana chai yao iitwayo Lapsang Souchong, ambayo hukaushwa kwa moshi wa msonobari kwa makusudi, na ina wateja wake. Lakini mnunuzi wa Pakistan, Misri au Uingereza anayekuja Mombasa kutafuta chai nyeusi ya Kenya hataki moshi hata kidogo. Kile kinachosifiwa Islay, kwetu ni kasoro.

Tofauti nyingine ni umri. Wiski ikikaa katika pipa, mara nyingi bei yake hupanda. Chai ikikaa ghalani hufifia. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walionja uchungu wa jambo hili baada ya Julai 2021, serikali ilipoweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya wakulima wadogo mnadani. Nia ilikuwa njema. Lakini wanunuzi waliona chai nyingi ya upande huu haifiki bei hiyo, wakaiacha, na marundo yakazeeka maghalani hadi sharti hilo lilipoondolewa mwaka 2024. Mwaka 2025, wakulima wa Gusii walilalamika tena kwamba bonasi yao ni duni mno ikilinganishwa na ya wenzao wa Mlima Kenya.

Si haki kumtupia mchumaji lawama yote. Udongo na hali ya hewa vina sehemu yao, na wakulima wenyewe hunyoshea kidole usimamizi wa viwanda na madalali. Hata hivyo, nadhani kuna jambo rahisi lingeweza kufanyika: hukumu ya waonjaji ibandikwe ukutani katika kila kituo cha kununulia majani, kwa Kiswahili na Ekegusii. Mkulima huonyeshwa uzito wa majani yake kila siku. Mbona asielezwe ladha yake?

Nanyi mlio mjini mnaweza kujifunza uonjaji huu Jumapili hii, watoto wakiwemo. Nunueni pakiti tatu za chai za kampuni mbalimbali. Wekeni gramu 2, yaani takriban kijiko kidogo kimoja, katika kila kikombe. Mimineni mililita 100 za maji yanayotokota na kufunika kwa dakika 6. Hicho ndicho kipimo kinachotumika kimataifa. Msitie sukari wala maziwa, maana chai ya maziwa iliyochemshwa sufuriani, pamoja na utamu wake wote, huficha kila dhambi ya kiwanda.

Chujeni, kisha tazameni kwanza makapi. Yanayong'aa kama sarafu mpya ya shaba ni dalili njema. Yaliyo meusi na mafifi si dalili njema. Nuseni yakiwa bado na joto. Halafu vuteni chai kwa kishindo, bila haya, ili hewa ichanganyike nayo. Chai nzuri huuma kidogo pembeni mwa ulimi na kuuacha mdomo safi. Iliyopikwa vibaya hulala ulimini kama maji ya jana. Mkisikia moshi, itazameni pakiti mwone imetoka wapi, kisha hakikisheni kwamba haikukaa karibu na jiko la makaa nyumbani kwenu, kwa sababu chai hufyonza harufu ya chochote kilicho jirani, iwe kitunguu, sabuni au mafuta ya taa.