Kongosho Hutibiwa Bila Kupasua Tumbo

Maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, wengi huyaita ulsa. Mgonjwa wa Kitengela huzunguka maduka ya dawa kando ya barabara ya Namanga akinunua dawa za kupunguza asidi. Ikiwa kinachougua ni kongosho, dawa hizo hazitamponya.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo. Altrasaundi ya kawaida, kama ile ya wajawazito, huzuiwa na gesi ya matumbo. Kwa hiyo ripoti ikisema kongosho halikuonekana vizuri, haijasema ni zima. Hapo huhitajika endoskopi yenye altrasaundi. Mgonjwa hufunga kula, hupewa dawa ya usingizi, kisha daktari hupitisha mdomoni mpira wenye kifaa cha mawimbi ya sauti kwenye ncha. Ukifika tumboni, kifaa na kongosho hutenganishwa na ukuta wa milimita chache tu. Daktari huitazama kwenye skrini sindano isiyofika unene wa milimita moja ikipenya ukuta huo, akikwepa mishipa ya damu, hadi achote chembe za uvimbe zikapimwe maabara. Madaktari wa Denmark walichapisha taarifa ya kazi hii mwaka 1992.

Njia hiyohiyo hutibu. Kongosho likipata uvimbe mkali, mara nyingi kwa vijiwe vya nyongo au pombe, majimaji huweza kukusanyika kando yake. Mara nyingi hukauka yenyewe. Yakileta maumivu, kutapika au usaha, kwa kawaida husubiriwa wiki nne hivi ili ukuta wa mfuko unaoyazunguka ukomae, ndipo hutobolewa kupitia tumboni na kuwekwa stenti, yaani kimrija, ya kuyatoa. Kutokwa damu na maambukizi ni hatari zilizopo, ila mgonjwa huepuka kidonda kikubwa cha upasuaji. Kwa saratani ya kongosho isiyoweza kupasuliwa, sindano hupeleka alkoholi kwenye neva zinazobeba maumivu. Saratani haiponi, lakini mtu hupata kulala, na hilo si dogo hata kidogo.

Je, huduma hii yaweza kufika mashinani? Kenya ilitembeza altrasaundi ya kawaida Turkana tangu miaka ya 1980, shirika la afya la AMREF likisaka vivimbe vya minyoo ya mbwa miongoni mwa wafugaji. Mashine kufika mashinani kunawezekana. Wataalamu wa kongosho, hata hivyo, wako zaidi katika hospitali chache kubwa, hasa za Nairobi: karibu kwa wa Kitengela, mbali mno kwa wa Loitokitok.

Ukikonda bila sababu, macho yakigeuka manjano, au kisukari kikizuka ghafla ukubwani pamoja na maumivu hayo ya chembe cha moyo, acha kuongeza pakiti nyingine ya dawa za asidi. Nenda hospitali ya kaunti Kajiado uombe barua ya rufaa, na umweleze daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.